Utani Uliotiwa Chupani: Habari za "Nani Mtani Jembe"

Mtu apandaye Masama kwa njia ya Kwa Sadala, akiiacha barabara kuu iendayo Arusha, huona mambo mawili kwa pamoja. Mbele yake, ikiwa mawingu yameondoka, husimama Kibo. Na kando ya njia, katika kuta za maduka na za nyumba za vinywaji, huona jina la mlima ule ule limeandikwa kwa herufi kubwa, ila hapo si jina la mlima tena, ni jina la bia. Mimi nimekulia katika nchi hiyo, na kwa miaka mingi sikuona ajabu. Ajabu niliiona mwanzoni mwa Desemba, mwaka 2013, nilipopanda nyumbani kwa mazishi ya shangazi yangu. Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, niliwakuta vijana wa ukoo wetu katika kilabu kilicho karibu na njia, wamekaa makundi mawili, wakishindana kwa chupa na simu. Kila aliyefungua chupa alitafuta namba yake, akaiandika katika simu, akaituma, kisha akawageukia wa upande wa pili akawaambia kwamba amewanyang'anya shilingi elfu moja. Walionyang'anywa hawakukasirika. Waliagiza chupa nyingine.

Walipoulizwa wanafanya nini, walijibu kwa neno moja: utani. Neno hilo ndilo lililonifanya nifikiri, maana mchana ule ule, penye kaburi, nilikuwa nimeona utani wa namna nyingine kabisa. Katika makala haya nataka kueleza jinsi tangazo moja la bia lilivyochukua desturi ya kale ya watu wa Tanzania, pamoja na msamiati wake, likaifanya kuwa mchezo wa kuuzia chupa kwa wapenzi wa mpira. Habari hizi ni za biashara, lakini ni za lugha pia, na kwa maoni yangu upande wa lugha haujatazamwa kama ipasavyo.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Kampuni ya Bia Tanzania, kwa chapa yake ya Kilimanjaro Premium Lager, ilianzisha mwaka 2013 kampeni iliyoitwa Nani Mtani Jembe. Wakati huo chapa hiyo ilikuwa mdhamini wa klabu zote mbili kubwa za Dar es Salaam, Simba na Yanga. Zilitengwa shilingi milioni 100, nusu kwa Simba na nusu kwa Yanga. Mpenzi wa klabu aliyenunua bia hiyo alipata namba iliyokuja na chupa, akaituma kwa ujumbe wa simu akitaja klabu yake. Na kila ujumbe uliondoa shilingi 1,000 katika fungu la mtani na kuzitia katika fungu la klabu ya aliyetuma. Mwisho wa yote zikachezwa dakika tisini baina ya timu hizo mbili, katika Uwanja wa Taifa, tarehe 21 Desemba 2013.

Msomaji aangalie vizuri kanuni hiyo ya elfu moja, kwa sababu ndani yake mna akili nyingi kuliko ilivyoonekana magazetini. Mtu angeweza kubuni shindano ambalo kila klabu ingejaziwa fungu lake kadiri mashabiki wake wanavyokunywa. Hilo lingekuwa shindano la kawaida, na biashara nyingi zimekwisha kulifanya. Hapa fungu halikuongezeka hata senti moja. Kilichohama ni mali ya mtani. Na kuchukua mali ya mtani bila ya yeye kuwa na haki ya kukasirika ndiyo sheria ya utani wenyewe, tangu zamani.

Juu ya utani wa makabila yameandikwa mengi. A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala yake mashuhuri katika jarida la Africa mwaka 1940, na R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya ndege, akaandika juu ya utani wa Tanganyika katika jarida hilo hilo mwaka 1944. Baadaye, katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya habari nyingi kutoka mikoa mbalimbali. Katika yote hayo mambo matatu hurudi mara kwa mara. La kwanza, mtani aweza kumtukana mtani wake, wala haliwi tusi. La pili, mtani aweza kutwaa kitu cha mtani wake, kuku au kofia au fedha kidogo, na mwenyewe hana budi kucheka au kukikomboa. La tatu, ambalo watu wa mjini hulisahau upesi, mtani hushughulika na msiba. Katika makabila mengi yeye ndiye achimbaye kaburi, ndiye afanyaye vichekesho watu wakiwa katika machozi, ndiye azuiaye jeneza hata apewe chochote, naye ndiye anyoaye na kusafisha nyumba baada ya matanga. Wengi huusimulia utani huo kuwa ulizaliwa katika vita vilivyokwisha kwa suluhu, na katika misafara ya kwenda pwani, ambako mtu aliyekufa njiani mbali na kwao hakuwa na wa kumzika ila mtani.

Utani wa Wachaga na Wapare, ambao ndio tulio nao milimani, ni mwepesi zaidi, na aghalabu ni wa ulimi tu. Mpare humwambia Mchaga kwamba sauti ya sarafu yaweza kumfufua. Mchaga humwambia Mpare kwamba ataiuza mbuzi wake ili apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kamba ya mbuzi. Hata hivyo penye mazishi ya shangazi alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu, Mpare, jirani wa miaka arobaini. Alisimama mbele ya jeneza akasema kwamba marehemu alikuwa na deni lake la debe moja la kahawa, na kwamba halitashushwa kaburini mpaka alipwe. Watu waliokuwa wakilia walicheka. Baba yangu mkubwa alitoa noti, yule mwalimu akaipokea, kisha akaichukua jembe na kuanza kufukia, wa kwanza kabla ya watoto wa marehemu. Sitaongeza maelezo. Aliyekwisha kuona jambo kama hilo anajua linavyoshusha pumzi za watu.

Basi siku ile ile niliona jembe la aina mbili, nami nawaomba radhi wasomaji kwa kukaa kidogo juu ya neno hili.

Jembe, katika maana yake ya asili, ni chombo cha kulimia. Na katika historia ya nchi yetu limekuwa na heshima na dharau kwa pamoja. Lilikuwa sehemu ya mahari katika makabila kadhaa. Limo katika nembo ya Chama cha Mapinduzi pamoja na nyundo. Tangu Azimio la Iringa la mwaka 1972, lililotangaza kuwa siasa ni kilimo, hadi kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, jembe la mkono limesifiwa kuwa nguvu ya mkulima na papo hapo likalaumiwa kuwa alama ya umaskini wake. Katika Kiswahili cha vijana wa mijini maana nyingine ilikuja juu: jembe ni mtu wa kutegemewa, afanyaye kazi ngumu bila ya kuchoka. Waandishi wa michezo waliipenda maana hiyo, na kila msimu wa usajili hutuarifu kwamba klabu fulani imeshusha majembe mapya. Mwanafunzi wa sarufi ataona kwamba upatanisho wa neno hili bado unayumba; wengine husema "jembe letu limefunga", na wengine "jembe wetu amefunga", kwa kuwa maana ya mtu imeanza kulivuta neno kutoka ngeli yake. Ningefurahi kuona watunga kamusi wakiyaingiza matumizi hayo mawili pamoja na mifano yake, kabla mmoja wao hajafa.

Tukirudi kwenye jina la kampeni, "Nani Mtani Jembe" ni sentensi isiyo na kitenzi wala kiungo, yenye mizani saba. Nani na mtani vina kina kimoja, na mkazo waangukia silabi ya kati ya mtani na silabi ya kwanza ya jembe, hata mtu asemapo kwa sauti kubwa huwa kama apigaye ngoma mara mbili. Kukosekana kwa "ni" si kosa, maana Kiswahili huruhusu hivyo katika methali na katika mafumbo. Mtani jembe nalo ni majina mawili yaliyowekwa pamoja bila ya kiunganishi, kama askari kanzu na bata mzinga, ambamo la pili hulieleza la kwanza. Aliyeitunga, awaye yote, alikuwa na sikio la Kiswahili. Nasema hivi kwa sababu matangazo mengi ya siku hizi hutungwa kwanza kwa lugha nyingine, kisha hupewa mtu ayageuze, na ugeuzaji huo husikika. Hili halikugeuzwa. Lisingeweza kugeuzwa hata kama mtu angetaka, maana hakuna lugha ya Ulaya yenye neno moja kwa mtani.

Tena kuna jambo jingine: katika maneno yale matatu bia haimo. Ulinganishe na desturi iliyozoeleka Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na timu iliyoitwa Kenya Breweries, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1994 na kushindwa na DC Motema Pembe ya Kinshasa. Baadaye timu hiyo ikaitwa Tusker, jina la bia yenyewe, na kila atangazaye matokeo yake redioni huitangaza bia bure. Bia hiyo hiyo ilijinadi kwa maneno "Bia yangu, nchi yangu", ambamo kimilikishi kimoja kimefungiwa vitu viwili visivyolingana. Huko ni kupaka jina la bia juu ya kila kitu. Mtani Jembe ilifanya kinyume. Ilijificha nyuma ya neno la watu, ikaacha watu walitamke wenyewe, na magazeti yakaliita pambano lile Mtani Jembe kama kwamba ni jina lililotoka mitaani Kariakoo.

Hapa inafaa tuseme kidogo juu ya klabu zenyewe. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Wenzao walijitenga mwaka 1936 wakaunda timu ambayo kwa muda mrefu iliitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Wamekuwa wakiitwa watani wa jadi, na utani wao huishi kwa tarakimu. Yanga huikumbusha Simba tano za mwaka 1968. Simba hujibu kwa sita za mwaka 1977. Tano nyingine Simba walizipata tarehe 6 Mei 2012, na Yanga wakalipa kwa tano kwa moja tarehe 5 Novemba 2023. Kijana wa Masama ambaye hajapata kuiona Dar es Salaam hutaja tarakimu hizo kama atajavyo majina ya babu zake. Oktoba 20, 2013, Yanga waliongoza mabao matatu kwa bila hadi mapumziko, na Simba wakarudisha yote matatu. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu siku ile pambano la Mtani Jembe lilipochezwa. Haikuhitaji bidii kuwasha moto. Kuni zilikuwa zimekwisha kukauka.

Mwanzo wa klabu hizi una neno lake la kutufurahisha sisi wa isimu. Kiswahili cha Tanzania kimelipokea neno la Kiingereza mara mbili. Klabu, katika ngeli ya N, ni chama cha mpira. Kilabu, lililowekewa irabu na kwa hiyo likaonekana kama lina kiambishi ki-, likapata wingi wake vilabu kama kitabu na vitabu, ni mahali pa kuuzia pombe, tangu siku ambazo serikali za kikoloni ziliweka katika miji nyumba maalumu za pombe ya kienyeji ili ziitoze kodi na kuichunga. (Wengi huchanganya, na husema vilabu vya mpira pia; sioni dhambi.) Maneno hayo mawili yaliyotoka mzizi mmoja yaliishi mbalimbali kwa muda wa miaka mingi. Mwaka 2013 yalikutana tena: klabu iliokolewa au iliangamizwa kilabuni.

Nani basi aliyeweza kuiokoa? Swali hili ndilo lililo zito kwangu kuliko mengine. Simba na Yanga zote mbili zilizaliwa Dar es Salaam miongoni mwa watu ambao wengi wao walikuwa Waislamu, na hadi leo sehemu kubwa ya wapenzi wake hawanywi kileo. Wamo pia wanawake wengi, wamo Walokole, na wamo watoto ambao sheria inawakataza. Kwa kanuni ile, hao wote hawakuwa na jembe. Mzee wa Kariakoo aliyeichangia klabu yake tangu enzi za viatu vya kuazima alisimama kando akitazama mali yake ikitetewa na mtu wa baa. Najua watu watasema kwamba ulikuwa mchezo tu, na kwamba asiyekunywa aliweza kwenda uwanjani. Ni kweli. Lakini utani wa asili haumwachi mtu nje. Huzaliwi ukachagua, mtoto wa siku saba ana watani, na ajuza asiyeona ana watani.

Na kuna hesabu. Milioni 50 zikigawanywa kwa elfu moja hupatikana ujumbe elfu hamsini. Yaani klabu moja ikiwazidi wenzake kwa chupa elfu hamsini, fungu la wenzake limekwisha. Bei ya chupa moja ilikuwa imezidi shilingi elfu moja. Kwa hiyo kila aliyempiga mtani pigo la elfu moja alikuwa amelipa zaidi ya elfu moja, na fedha hizo hazikwenda kwa mtani wala kwa klabu. Katika utani wa kale kuku atwaliwaye leo hurudi kesho kwa njia nyingine, msibani au harusini. Mali huzunguka baina ya watu wawili. Hapa palikuwa na mtu wa tatu, naye ndiye ambaye hakupoteza kitu.

Sisemi haya kwa kuichukia bia. Mchaga asemaye kwamba anachukia pombe yafaa aulizwe ukoo wake. Mbege, inayojulikana sasa katika Kiswahili chote, ina jina lililohama: katika Kichaga mbege ni ulezi wenyewe, na kinywaji, katika lahaja kadhaa, huitwa wari. Ndizi mbivu hupikwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na kimea cha ulezi, na magome ya msesewe huipa uchungu wake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi upande wa Machame na Masama kabla ya kukaa miaka mingi Moshi ya Kale, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya sheria za Wachaga jinsi pombe ilivyoingia katika kila shauri: kuomba mke, kugawa kihamba, kulipa faini, kupatanisha ndugu. Kata ya mbege haikunywewa na mtu mmoja peke yake. Ilianza kwa mkubwa, ikazunguka, na mzunguko wake uliwaonyesha watu ni nani aliye nani. Pombe hiyo haikuwa na tangazo, kwa sababu yenyewe ilikuwa tangazo. Ikionekana nyumbani kwa mtu, majirani walijua kwamba pana jambo.

Bia ya chupa ilikuja kwa njia nyingine. Kiwanda cha Kenya kilianza mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 kikakinunua kile cha Tanganyika. Sheria za wakoloni zilimzuia Mwafrika asinunue vileo vya Kizungu, na vizuizi hivyo vililegezwa hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana kwa wazee wa rika la baba yangu chupa ilikuwa dalili ya cheo kabla ya kuwa kinywaji. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vya bia vilitiwa mikononi mwa umma. Safari Lager ilitoka mwaka 1977. Mwaka 1993 serikali iliingia ubia na kampuni ya bia ya Afrika Kusini, na mwaka 1996 ikatoka Kilimanjaro. Mji wa Moshi wenyewe ulipata kuwa uwanja wa vita vya bia, maana kampuni ya Kenya ilijenga hapo kiwanda cha Kibo, kikafungwa kwa mapatano ya mwaka 2002 baina ya wakubwa wa pande mbili. Mlima wetu, basi, umeuzwa kwa majina yake mawili.

Jina Kilimanjaro, tukumbuke, si la watu wa mlimani. Wao walikuwa na Kibo na Mawenzi, na waliokaa miguuni hawakuhitaji jina la mlima mzima, kama vile mtu asivyohitaji jina la nyumba aliyomo. Jina hilo kubwa lilienezwa na watu wa misafara waliouona kwa mbali. Biashara ikalikata mkia, likawa Kili, nasi twalisikia sasa hata katika vinywa vya vijana wa Masama. Tangu mwaka 2003 Moshi huwa na mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizobeba udhamini wa bia hiyo, na mtu asemapo "nakwenda Kili" mwishoni mwa Februari haijulikani kama anakusudia mlima, mbio au chupa. Timu ya Tanzania Bara katika Kombe la Chalenji huitwa Kilimanjaro Stars. Ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba ni Serengeti Boys, nayo Serengeti ni bia pia. Sisemi kwamba timu ziliitwa kwa ajili ya bia. Nasema kwamba timu na bia zimechota katika ghala moja la majina ya fahari, na msikilizaji hawezi tena kuyatenga.

Huko ng'ambo watu wa bia wana ujanja wao. Tarehe 14 Juni 2010, katika mechi ya Uholanzi na Denmark mjini Johannesburg, wanawake 36 waliovaa magauni ya rangi ya chungwa walitolewa uwanjani kwa kuwa magauni hayo yalihusishwa na bia ya Bavaria, isiyokuwa mdhamini wa Kombe la Dunia. Wawili walikamatwa, kisha mashtaka yakafutwa. Miaka minne kabla yake, Ujerumani, Waholanzi walivuliwa suruali za rangi hiyo hiyo kwa sababu ya bia hiyo hiyo, wakatazama mechi kwa nguo za ndani. Magauni hayo hayakuwa na jina la bia lililoweza kusomwa kutoka jukwaani, rangi ilitosha. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1991, ilizuia kabisa vileo visidhamini michezo, hata kombe la raga lililobeba jina la Heineken likalazimika kuitwa huko kwa herufi moja tu, H. Mwaka 2022 Qatar ilipiga marufuku bia katika viwanja siku mbili kabla ya Kombe la Dunia kuanza. Katika habari zote hizo mzozo ni baina ya mwenye bia na mwenye uwanja, au mwenye bia na serikali. Kwetu hapakuwa na mzozo. Mwenye bia alikuwa amealikwa, alilipa, na alichochukua hakikuwa na mlinzi. Hakuna ofisi yenye hati ya umiliki wa utani.

Matokeo ya uwanjani yalikuwa haya. Mwaka 2013 Simba walishinda 3-1. Amissi Tambwe alifunga mawili na Awadh Juma moja, na la Yanga lilifungwa na Emmanuel Okwi, ambaye zamani alikuwa wa Simba. Siku chache baadaye Yanga walimwachisha kazi kocha wao Ernie Brandts. Mchezo ulirudiwa tarehe 13 Desemba 2014, Simba wakashinda 2-0, na Yanga wakamwondoa Marcio Maximo. Mechi isiyo ya ligi wala ya kombe lolote, iliyotokana na tangazo la bia, iliwatoa makocha wawili. Ajuaye uzito wa utani hatastaajabu. Kufungwa na mgeni ni hasara, bali kufungwa na mtani ni aibu itakayosimuliwa.

Miaka michache baadaye udhamini wa bia katika klabu hizo ulikwisha, na mwezi wa Mei 2017 klabu zote mbili zikatia sahihi na kampuni ya michezo ya kubahatisha, SportPesa. Simu ile ile iliyotuma namba ya chupa ikaanza kutuma dau. Kijana hana haja tena ya kukaa na mtani wake meza moja. Aweza kucheza peke yake kitandani, usiku, bila ya mtu wa kumcheka. Kwa kipimo hicho nakiri kwamba Mtani Jembe ilikuwa na ubora wake. Watu walikaa pamoja. Walitaniana ana kwa ana, na niliowaona Masama jioni ile walisindikizana nyumbani wakiwa wameshikana mabega, wa nyekundu na wa njano.

Nilipomsimulia baba yangu mkubwa kanuni za mchezo ule, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua jambo moja: kati ya hao watani, mmoja akifa, mwenzake atakuja kumzika? Nilimjibu kwamba mashabiki wa tawi huchangiana msibani, na bendera ya klabu hufunikwa juu ya jeneza, nami nimeliona hilo kwa macho yangu Dar es Salaam. Aliniuliza kama bendera hiyo huletwa na watu wa upande wake au na watu wa upande wa pili. Nikasema, huletwa na watu wa upande wake. Akaiinua kata, akanywa kidogo, akampa yule mwalimu wa Kipare aliyekuwa ameketi kushoto kwake na udongo wa kaburi ungali katika viatu vyake.